Kigoda Kilichokaliwa Kangundo

Haya yalinipata mimi. Si binamu ya rafiki yangu, wala si mtu niliyemsikia akihojiwa redioni. Ni mimi, fundi wa redio na televisheni hapa Machakos mjini, mwanamke ambaye kazi yake ya kila siku ni kufungua vitu na kuwaonyesha watu kwamba ndani hamna maajabu yoyote. Ukitaka kuniita mwongo, niite. Lakini nisikilize kwanza.

Kulikuwa na filamu moja ya Kikamba ambayo watu walitumiana kwa simu mpaka kila mtu akaijua. Ndani yake kuna bibi mchawi mwenye kigoda cha miguu mitatu, kile ambacho sisi huku tunakiita kitumbi, na kigoda hicho kinaelea. Hakigusi chini. Ilionekana wazi kwamba watu wa filamu walikifanya kwa kompyuta, tena vibaya. Mimi nikajiambia, hiki naweza kukitengeneza kikaelea kweli.

Usidhani ni kazi rahisi. Ukichukua sumaku mbili ukazielekeza zisukumane, ile ya juu haitulii. Inapinduka ghafla na kujibamiza kwenye ile ya chini. Jaribu nyumbani, utaona. Ilibidi nivunje spika mbovu nitoe sumaku zake, nisokote waya wa shaba niwe na koili, halafu nifunge kifaa kidogo cha kuhisi, kinachozirekebisha koili kila kigoda kinapotaka kuyumba. Vyote hivyo nilivificha ndani ya kitako cha mbao kinachokaa chini ya kigoda. Kigoda chenyewe nilichongewa na fundi wa Wamunyu, kidogo kama sahani, kikakombwa ndani kiwe chepesi, nami nikakitia sumaku yake. Mwisho nikaweka taa ya kijani kwenye kitako. Kigoda kikibebeshwa kitu, kinashuka kidogo, koili zinavuta stima zaidi na taa inang'aa zaidi. Kumbuka hiyo taa, maana bila hiyo hata mimi nisingeamini.

Siku kilipokubali kuelea, nilipiga kelele. Mwikali, fundi cherehani tunayegawana naye chumba cha duka, aliacha suruali ya watu kwenye mashine akaja na rula yake. Akaipitisha chini ya kigoda, akaipitisha tena.

"Wewe," akaniambia, "hii kitu itakuletea watu."

Akanipiga video. Na kweli watu walikuja: wanafunzi, makanga wa matatu, hata mama mmoja aliyekuja na maji ya baraka akakinyunyizia bila kuniuliza. Nusura aniunguzie koili.

Halafu akaja Mzee Kioko.

Alikuja mchana, mvua ikinyesha, na barabara ya mbele ya duka ilikuwa matope matupu. Mzee mrefu, koti la kijivu, kofia mkononi. Viatu vyake vilikuwa safi. Mwikali ndiye aliyeviona kwanza, akanikonyeza. Mzee hakushangaa kama wengine. Alikitazama kigoda kama mtu anayetazama kiti dukani, akijiuliza kama kitaingia sebuleni.

"Mwiitu wakwa, binti yangu," akasema, "hii inaweza kubeba mtu?"

"Hapana, mzee. Inajibeba yenyewe tu, na labda kikombe. Ukiweka kitu kizito inaanguka."

Akafikiri kidogo. "Mtu wangu si mzito," akasema.

Ungefikiria nini hapo? Mimi nilifikiria kile ambacho ungefikiria. Alipotoka, Mwikali alisema kabla yangu: "Huyo ni wa kanisa la miujiza. Atakiweka mbele ya watu, atawaambia ni malaika amekaa, na watu watatoa hata ng'ombe. Halafu wakigundua, ni nani alitengeneza? Ni wewe."

Nilikosa usingizi kwa hayo maneno. Huu ni mji mdogo. Fundi akiharibikiwa jina Machakos, ahamie wapi? Lakini sikutaka kumhukumu mtu kwa sababu ya viatu. Kwa hivyo mzee aliporudi kukitaka kigoda nilimwambia kitako ni chepesi kuharibika, hakiwezi kubebwa ovyo, nitakileta mwenyewe na kukiwasha mwenyewe. Nilitaka kuona nyumba ile. Nikikuta viti vya mkutano na vipaza sauti, narudi na mzigo wangu.

Alikubali bila kubisha. Hilo nalo likanitia shaka.

Nyumba yake iko Kangundo, juu ya kilima, katikati ya kahawa iliyozeeka. Nilifika alasiri, jua bado kali. Hakukuwa na viti vya mkutano wala kipaza sauti. Sebule safi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya makochi, redio, na picha ya ukutani ya mwanamke mwembamba aliyevaa kilemba, akicheka.

Mzee akaleta chai. Alimimina vikombe vitatu.

Nikajua. Nikajiambia, ana mwenzake hapa ndani, nyuma ya lile pazia, na huyo mwenzake ndiye atakayekivuta kigoda kwa uzi. Nikajifanya natafuta soketi ya stima nikafunua pazia. Ukuta. Nikachungulia chumba cha pili, ambacho mlango wake ulikuwa wazi: kitanda kilichotandikwa na fimbo ya kutembelea. Hakukuwa na mtu. Mzee aliniangalia nikipekua nyumba yake na hakukasirika hata kidogo.

"Tafuta tu," akasema. "Hata mimi nilitafuta."

Nikakiweka kitako mezani, nikachomeka waya, nikakishika kigoda mpaka nikahisi kimetulia hewani, nikakiachilia. Kikaelea vizuri. Taa ikawaka hafifu, kama inavyotakiwa pasipo na mzigo. Nikakaa kwenye kochi.

"Tangu mke wangu aondoke duniani," mzee akasema, "anapita tu. Namsikia anapita jikoni, anapita hapa, hakai. Kila kiti nimempatia anakataa. Nikaona ile video yako nikasema, pengine ni ardhi hataki kuguza. Pengine atakubali kitu ambacho hakigusi chini." Kisha akageuza uso mlangoni. "Mama Nduku, uka. Kuja ukae."

Niamini, nilikaribia kucheka. Niliona haya kwa niaba yake.

Kigoda kikashuka.

Hakikuanguka. Kilishuka polepole, kikalala kidogo upande mmoja, kikanyooka, jinsi kiti kinavyofanya mtu mwenye viungo vya kuuma anapokikalia taratibu. Na taa yangu ikang'aa. Iling'aa kuliko nilivyowahi kuiona hata nilipoweka kikombe kilichojaa.

Mzee alifunika uso kwa kofia. Alikuwa analia.

Mimi bado sikuamini. Unaona jinsi nilivyo? Niliinuka nikapitisha mkono juu ya kigoda nikitafuta uzi. Hakukuwa na uzi, ila mkono ulipofika juu ya kigoda ulipata baridi kama nimeutia kwenye mtungi wa maji. Nikapitisha chini. Bure. Basi nikafanya kitu kimoja ambacho hakuna mganga wala pasta angeweza kukidanganya: nilichomoa waya kwenye soketi. Kitako kile nilikijenga mimi. Hakina betri. Ukichomoa waya, kigoda kinaanguka papo hapo.

Taa ikazimika. Kigoda kikabaki pale pale hewani.

Nikarudi nyuma, waya mkononi, mpaka kochi likanigonga nyuma ya magoti, nikakaa bila kutaka. Hapo ndipo kigoda kilipoanguka, ta! kikaviringika mezani.

"Amesimama," mzee akasema, sauti imejaa furaha. "Hiyo ni vile anakuja kukusalimia."

Kochi upande wangu wa kulia likabonyea. Niliona kile kitambaa cheupe kikivutwa kikakunjamana, na mwili wangu ukaegemea upande ule kama mtu anavyoegemea mwenzake akikaa karibu naye. Sikusikia sauti. Nilisikia harufu ya mafuta ya kupikia na sabuni ya kipande. Harufu ya mama wa mtu yeyote.

Sikuaga. Niliacha vifaa vyangu vyote vya kazi pale, nikashuka kile kilima katikati ya kahawa, viatu mkononi, huku mzee ananiita kutoka mlangoni: "Mwiitu wakwa, chai yako!"

Sasa utaniuliza, kwani ulipata madhara gani? Huyo mama alikudhuru? La. Hajanidhuru.

Lakini Jumapili iliyofuata nilienda kanisani kama kawaida, nikakaa mwisho wa benchi, karibu na ukuta. Watu waliingia, kanisa likajaa, wengine wakasimama nyuma. Pale kando yangu, upande wa kulia, pakabaki wazi. Mwanamke mmoja alikuja akitaka kukaa, akainama, halafu akasita. "Pole," akasema, "sikuona kuna mtu." Akaenda kusimama. Nilifikiri ni yeye tu. Lakini ikawa hivyo kwenye foleni ya hospitali, ikawa hivyo hata dukani kwetu. Mwikali alihamisha cherehani yake ukuta wa pili. Alisema ni kwa sababu ya mwanga. Hakunitazama machoni aliposema hivyo.

Kisha mzee akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Fundi, nimekichomeka tena, kigoda kiko juu tu. Taa haiongezeki. Nimemwita, nimemwita. Hata jikoni simsikii siku hizi." Kisha akauliza, "Yuko huko kwako?"

Nilitazama upande wangu wa kulia.

"Kama yuko," akasema, "mwambie si vibaya akitembea kidogo. Lakini mwambie mimi bado niko."

Nilimwambia. Nilisimama katikati ya duka, mchana, nikasema kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na Mwikali akanisikia. Hakuna kilichobadilika. Mzee hupiga simu kila mara kuuliza.

Kama wewe ni fundi wa kitu chochote, chukua neno hili kwangu. Mteja akikuuliza kama kazi yako itabeba mtu, usikimbilie kumweleza habari za uzito. Muulize kwanza ni mtu gani, na yuko wapi sasa hivi. Asipokujibu sawasawa, mwambie avae kofia yake na umfungulie mlango.

Na siku ukinikuta kanisani, karibu, kaa nami. Ila kaa upande wangu wa kushoto.