Pini za Mama Lepe

Wifi yangu ni fundi cherehani ambaye hajapata mpinzani mtaani kwetu, ila alikuwa analala. Simsengenyi, nasema mambo yalivyokuwa. Angeweza kuwa anatia mkono wa gauni la bibi harusi, cherehani inakimbia, mguu uko kwenye pedali, mara kichwa kinashuka taratibu mpaka paji la uso linagusa kitambaa. Wateja walimbandika jina la Mama Lepe, na walimwita hivyo mbele yake. Mimi nilimtania kuliko wote, maana ndugu wa mume wangu nisipomtania yeye nimtanie nani? Lakini mteja akimcheka, namrudishia kitambaa chake kabla hajafunga mdomo.

Tunashonea chumba kimoja, yeye dirishani, mimi kwenye meza ya kukatia. Tulikuwa na utaratibu wetu. Masikio yangu yalifuata cherehani yake, na ikinyamaza bila sababu, nagonga meza kwa mkasi, ko ko ko, naye anashtuka na kuendelea na mshono pale pale alipoishia. Hospitali walishampima malale, wakampima damu, wakamwambia apunguze kula. Daktari mmoja alimwambia ni uvivu tu. Huyo naomba Mungu anikutanishe naye nikiwa na mkasi mkononi.

Kilichomuumiza hasa ni mjukuu. Binti yake alijifungua mtoto wa kike, akaja kukaa kwetu, na siku ya kwanza tu bibi alipompakata, mikono ikalegea. Nilimdaka mtoto ameshaanza kuteleza. Binti hakugomba. Alisema kwa upole, "Mama, uwe unampakata kukiwa na mtu kando yako." Tangu hapo wifi hakuomba tena kumbeba. Alimshonea vigauni, kimoja baada ya kingine, mpaka mtoto akawa na nguo kunishinda mimi.

Sasa, siku moja akatoka kliniki mbio mbio, akaanza kupiga kelele hata hajavua viatu.

"Wifi! Nina ugonjwa! Ugonjwa kweli, una jina lake kabisa!"

Sijawahi kuona mtu anaufurahia ugonjwa kama aliyeletewa posa. Daktari mpya alikuwa amemweleza kwamba ubongo wake ndio unaoshindwa kumweka macho, na kwamba inajaribiwa dawa mpya, wanatafuta watu wa kujitolea. Wengine watapewa dawa, wengine kidonge kisicho na kitu ndani, na hakuna atakayejua nani amepewa nini, hata daktari mwenyewe, mpaka utafiti uishe. Akitaka kujitoa, ajitoe siku yoyote.

"Na ukipewa kidonge kitupu?" nikamuuliza.

"Basi nitakuwa nimewasaidia wenzangu. Lakini nikipewa chenyewe, wifi, nitambeba mtoto yule mpaka anikimbie!"

Kabla ya kumpokea walitaka kumpima. Alijishonea gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo, la kola na pindo pana, utadhani anakwenda kupigwa picha. Walimkalisha kwenye kiti cha kuegemea, chumba kina taa hafifu, wakambandika nyaya kichwani. Sista akamwambia, "Kaa tu, mama. Jitahidi usilale, lakini usijifinye, usiimbe, usitikise mguu. Usingizi ukikushinda, lala." Mimi nikabaki kwenye benchi nje, roho juu.

Sista alipotoka, uso wake haukunipendeza. "Amekaa macho mwanzo mpaka mwisho," akasema. "Akiendelea hivi hatutaweza kumchukua. Tunatafuta watu ambao usingizi unawashinda."

"Huyo?" nikasema. "Huyo anauchapa usingizi na tonge liko mdomoni!"

Niliingia bila kukaribishwa. Wifi alikuwa anatabasamu na nyaya zake kichwani. "Sikusinzia hata kidogo! Umeona?" Nikaona, ndiyo. Niliona kidole gumba chake kina vitone vya damu. Nikafunua pindo la gauni, na humo ndani pini zimepangwa kama zinasubiri zamu.

"Wewe utaniua! Wanataka waone unavyolala!"

Tabasamu likamfutika. "Sasa nilale mbele za watu wazima wenzangu," akasema kwa sauti ndogo, "wanione mvivu? Hata nikishona najichoma hivi hivi."

Hasira zangu zote zikaisha. Miaka yote nilidhani ni mkasi wangu unaomwamsha, kumbe alikuwa anajichoma kila siku, kimya kimya, na mimi nimekaa hatua chache tu nikimtania. Sista akaleta kibakuli cha chuma na wifi akaanza kuzitoa, za pindo, za kola, za mikono, mpaka moja kwenye kilemba. Kila moja ililia ikidondoka. Daktari alikuja, akatazama kibakuli, akamtazama yeye, akacheka mpaka akashika ukuta. Kipimo kile kikafutwa, akaambiwa arudi kesho, na avae nguo za hospitali.

Kesho yake sista hakuwahi hata kufunga mlango vizuri. Wifi alikuwa ameshalala fofofo! Nilipiga vigelegele vile mle koridoni, wagonjwa wakachungulia, nikafukuzwa mpaka getini. Sikujali. Walimpokea.

Akaanza kumeza vidonge vyake. Kila asubuhi tulibishana ni dawa au ni kitupu, na mpaka leo hatujaambiwa. Lakini cherehani ilianza kunishangaza. Ilikimbia asubuhi, ikakimbia mchana, mkasi wangu ukawa kazi yake ni kukata tu. Masikio yangu yaliona upweke, wallahi. Hata hivyo hakuomba kumbeba mtoto. Aliogopa, na mimi niliogopa kumwambia aombe.

Binti ndiye aliyekata shauri. Mchana mmoja alimweka mtoto mapajani mwa mama yake, pale pale kwenye kiti cha cherehani, akasema, "Nakwenda kuoga, mama," akaondoka bila kugeuka nyuma. Nikajifanya nakata kitambaa. Nyuma yangu nilimsikia wifi akimwimbia mtoto, wimbo hauna kichwa wala miguu, halafu wimbo ukapungua. Halafu ukanyamaza.

Mkono ulinyakua mkasi kabla sijafikiri. Ko ko ko! Nikaruka, mikono mbele, tayari kudaka.

Mtoto alikuwa amelala kifuani pake, mdomo wazi. Wifi ameketi wima, kidole juu ya midomo, amekasirika kwelikweli.

"We wifi!" akaninong'oneza. "Utamwamsha!"

Nilikaa chini kwenye vipande vya vitambaa nikaanza kulia, naye akanikodolea macho yote mawili ninyamaze.