Supu ya Bibi wa Upande wa Pili

Sitajisafisha: nilikwenda kwa wivu. Mjukuu wangu mmoja tu, wa miaka mitano, anaishi Kanada, na kila tukizungumza kwa video alikuwa na habari zile zile. Meme kanipikia supu. Meme kanifundisha wimbo. Meme kasema hivi, Meme kasema vile. Meme ndiye bibi yake wa upande wa baba, mama wa mkwe wangu, na anakaa mtaa wa pili kutoka kwa mtoto. Mie nakaa Mirdif, hapa Dubai, peke yangu tangu mume wangu afariki, katika nyumba ya vyumba vitano na paka mmoja. Ungekuwa wewe ungefurahi?

Mkwe wangu ni Mwakadia. Hao ni watu wa asili ya Kifaransa waliokuwa wakiishi mashariki ya Kanada, pwani. Waingereza wakawafukuza kwenye ardhi yao, wakawapakia merikebuni na kuwatawanya huku na huko, na waliorudi walirudi na lugha yao ile ile. Binti yangu aliponieleza hayo mara ya kwanza nilimwambia, basi ni kama sisi tulivyoondoka Unguja baada ya Mapinduzi. Akacheka kidogo, akabadilisha mazungumzo.

Siku moja nikaona kwenye simu tangazo la hoteli ndogo ya Al Jaddaf: siku mbili za mapishi na muziki wa Kiakadia, Jumamosi na Jumapili, zimeandaliwa na Wakanada wanaofanya kazi hapa Dubai. Na mgeni anaruhusiwa kuja na mnyama wake. Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza, maana dada anayenisaidia nyumbani alikuwa likizo kwao Uganda, na paka sikuwa na wa kumwachia. Shoga zangu niliwaambia nakwenda kupumzika. Uongo mtupu. Mjukuu alikuwa anakuja Disemba kwa wiki mbili, na mie nilikuwa naitaka ile supu. Nimpikie kwa mkono wangu, iwe tamu kuliko ya huko, amsahau Meme wake japo kwa wiki mbili hizo.

Jumamosi asubuhi nikaingia hotelini na begi dogo mkono huu na kikapu cha paka mkono huu. Msichana wa mapokezi alikuwa Mkenya.

"Karibu sana, mama. Kwani huyu paka amenona aje! Anakulanga nini?"

"Anakula kuliko wewe," nikamwambia. "Nipe ufunguo."

Mwalimu wa mapishi alikuwa mwanamke mnene wa umri wangu, mikono ya gauni kaikunja hadi kwenye viwiko. Nilimchukia bure, kabla hajasema neno, kwa sababu alitoka jimbo lile lile la Meme na nilishaamua kuwa ndivyo Meme alivyo. Alitufundisha kwanza madonge ya viazi vya kukuna, ya rangi ya kijivu, makubwa kama ngumi, yanayochemshwa saa nzima na zaidi. Kwao ndani hutiwa nguruwe. Sikuwahi hata kufungua mdomo; alinijia mwenyewe akaniambia kwa Kiingereza kuwa leo ametia kuku, na kuku huyo amemnunua kwa muuzaji wa Deira, halali. Hata adabu yake iliniudhi.

Halafu ikaja supu yenyewe. Kuku, viazi, vitunguu, vipande vya unga uliokandwa, na jani lao moja kavu lenye harufu inayokaribiana na zaatari. Nikasubiri bizari. Haikuja. Tangawizi nayo haikuja. Pilipili manga kidogo, khalas. Nikajisemea moyoni, hii ndiyo inayomtia wazimu mjukuu wangu, maji ya kuku? Nikaonja. Ilikuwa tamu. Nikamaliza bakuli, nikaomba la pili, na wivu ukazidi kunipanda.

Kila mtu akapewa sufuria yake ajaribu. Yangu ilikuwa inakwenda vizuri mpaka mwisho, mkono ukakwenda wenyewe kwenye ndimu. Nilikuwa nimeshakamua nusu nzima ndipo nikakumbuka niko kwenye jiko la nani. Mwalimu akaonja, akafumba macho, akasema angempelekea mama yake hiyo kama angekuwa hai. Alasiri nilimtoa paka barazani apunge upepo, akatembea moja kwa moja mpaka mapajani mwa mwanamke yule, akalala. Paka ambaye mimi nambeba kwa daktari.

Jumapili wenyeji wetu walipiga masufuria. Ndiyo desturi yao ya siku kuu: wanatoka wote na vifuniko na miko, wanapiga makelele ili ulimwengu ujue bado wapo. Hoteli iliwaruhusu kwenye ua wa nyuma tu, robo saa. Paka akaingia chini ya kitanda. Mie nilisimama mlangoni nikiwatazama watoto wao. Wengine wamezaliwa hapa hapa Dubai, kama binti yangu. Shuleni wanasoma kwa Kiingereza, nje wanasikia Kihindi na Kiarabu, lakini mama akiita wanamjibu kwa Kifaransa chao cha kwao, kile kile cha bibi zao. Sikuwahi kuwaonea watu wivu namna ile. Wivu wa supu ulikuwa mchezo.

"Mmefanyaje?" nikamwuliza mwalimu.

"Tunazungumza nao tu," akasema. "Hakuna jingine."

Baada ya chakula wakakaa jikoni, na huko jikoni kwao mgeni hakai bure. Lazima atoe kitu, wimbo au hadithi ya nyumbani. Zamu ikanifikia. Nikawaambia watoto, nikisema paukwa nyinyi mseme pakawa. "Paukwa!" Wakapiga kelele wote: "Pakawa!" Nikawapa hadithi ya sungura aliyejifanya maiti, kama mama yangu alivyokuwa akinipa, nikiitafsiri kwa Kiingereza. Walicheka mpaka mmoja akaanguka kitini. Nilikuwa na furaha nyingi, nikatoka barazani nikampigia mjukuu. Kwao kulikuwa asubuhi, bado yumo katika nguo za kulalia.

"Paukwa!" nikamwambia.

Akanikodolea macho. Akageuka, akamwuliza mama yake kitu kwa Kifaransa. Binti yangu akaingia kwenye picha, akaniuliza kwa Kiarabu, ndiyo lugha yetu mie na yeye:

"Mama, umesema nini? Sauti inakatika?"

"Haikatiki. Nimesema paukwa."

"Ndiyo nini?" Kisha akamwinamia mtoto. "Hiyo lugha ya Bibi, habibti. Mama haijui."

Alisema kweli. Mie nilipoletwa huku Uarabuni, darasani niliitwa Mzanzibari kwa dhihaka mpaka nikaacha kunyanyua mkono, na nilipozaa niliapa mwanangu hataitwa hivyo. Alipokuwa mdogo, kila aliponijia na neno alilolisikia kwa mama yangu, nilimjibu kwa Kiarabu, mpaka akaacha kuja nalo. Mama yangu alinisihi. Nikamwambia atajifunza akikua.

Na siku mbili hizi nimekaa nikimchukia Meme, mwanamke wa watu, kwa kumpa mjukuu wake kilicho chake. Hakuninyang'anya kitu. Sikuwa nimeacha kitu cha kunyang'anywa.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Ukisikia paukwa, unajibu pakawa. Haya, sema."

Mtoto akafungua mdomo, nikamzuia.

"Si wewe, kipenzi. Mama yako kwanza."