Masaa Matatu na Nusu Mpaka Kavumu

Wewe, kwa kichwa chako, kutoka hapa Johannesburg mpaka kwetu Bukavu ni mbali namna gani? Usinihesabie kwa mabasi. Mimi nilikuja huku kwa mabasi, kiuno changu bado kinakumbuka. Nauliza kwa ndege.

Mimi sikujua. Shule niliacha mapema, na ndege nilikuwa naiona tu ikipita juu ya mabati ya mtaa wetu huku, Rosettenville.

Asubuhi moja mdogo wangu wa kiume alipiga simu kutoka Bukavu: mama yetu amekufa. Sasa, kwetu udongo wa kwanza juu ya mama unamwagwa na mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza ni mimi. Akauliza, "Dada, unafika lini, tupange kuzika?"

Mjukuu wangu alikuwa mezani na uji wake. Huyu msichana amezaliwa huku, Kiswahili anakisikia, kukisema kinamtoka vipandevipande. Nikamwambia, "Angalia kwa simu yako, uwanja wa ndege wa huku, Lanseria, mpaka uwanja wa Kavumu, ule wa Bukavu."

Akagusagusa. "Gogo," ndivyo watoto wa huku wanavyomwita bibi, "kilomita elfu mbili mia sita. Masaa matatu na nusu."

"Matatu? Kumbe miaka yote hii mama alikuwa jirani." Nikacheka huku nalia. Nikamwambia mdogo wangu, "Kesho saa nne asubuhi niko hapo. Mniwekee chai."

Mchana kijana wangu akaenda Marshalltown kwa watu wa tiketi. Alirudi, akavua kofia.

"Mama, ndege ya Lanseria kwenda Kavumu hakuna. Ile simu inapima tu, kama mtu anavuta kamba. Utapanda ya Nairobi kesho jioni, ulale kwa kiti, halafu Kigali, halafu gari ya milimani hadi mpakani."

Nikapiga Bukavu, nikapiga tena. Haikupita. Ilipita kesho yake, jua limeshapanda. Mama walikuwa wamemtoa mochwari alfajiri kwa sababu ya ile saa nne yangu. Watu wamejaa chini ya maturubai, pasta amemaliza kuomba.

"Dada, umeshuka Kavumu?"

"Niko Rosettenville. Nafunga sanduku."

"Basi tumrudishe mochwari, akungoje?"

Mama yangu arudishwe kama mzigo uliokosa gari?

"Hapana. Mzikeni. Udongo mwaga wewe."

"Watu watasema, Dada."

"Waseme. Sogeza simu, nisikie."

Nikasikia. Udongo wa kwetu ni mzito, unaanguka mara moja, pu, unakaa. Kijana wangu alinishika bega.

Nilipofika Bukavu lile tuta lilikuwa limeanza kukauka juu. Niliweka mkono tu. Kuongeza udongo sikuweza, zamu ilikuwa imepita.

Niliporudi Johannesburg mjukuu wangu hakunitazama. "Gogo, ni mimi nilikosea."

"Eish, wewe ulikosea nini? Kilomita ni zilezile. Hakuna mtu wa nyumba hii aliyeuliza kama ndege iko."

Akakaa chini, akaegemea miguu yangu. Halafu akasema kwa Kiswahili, anatafuta neno mojamoja: "Gogo, siku yako, hata niko mbali namna gani, mimi sitawaambia watu nafika saa ngapi. Nitawaambia nimefika."