Kibati Namba 213

Irmgard Wieczorek alikuwa mwanamke wa maneno machache na keki nyingi. Tangu kile kiwanda cha chuma cha bonde la Ruhr kifungwe na kugeuzwa makumbusho, yeye ndiye aliyeuza tiketi mlangoni. "Tanuri lilimla mume wangu," alizoea kusema, "sasa acha linilishe mimi."

Mumewe, Alfons, alikufa kwa gesi mwaka 1979, nyuma ya tanuri la pili. Siku hizo kila mfanyakazi aliingia zamu na kibati chake cha shaba chenye namba yake, na akitoka alikirudisha kwenye msumari wake, kwenye ubao wa getini. Msumari mtupu maana yake mtu bado yumo ndani, akatafutwe. Jioni ile Irmgard alikwenda getini kumuulizia mumewe, bawabu akamwonyesha kibati kinaning'inia. "Huyu ametoka, mama. Kamtafute kwenye bia." Asubuhi wakamkuta Alfons amekauka. Basi Irmgard akaamini mumewe alitoka, kisha akarudi ndani kwa upuuzi wake. Miaka arobaini na mitano alimkasirikia marehemu, hata kaburini alikwenda kumgombeza.

Ewald Pollok, aliyefanya zamu moja na Alfons, hakumwacha mjane. Alimzolea theluji, akampakia rangi jiko, na sasa alitembeza wageni hapo hapo kwenye makumbusho. Watu walisema kupata shemeji kama yule ni bahati.

Alhamisi moja Irmgard alimpelekea kahawa, akamkuta mbele ya ule ubao na darasa la watoto.

"Babu, na kama foleni ni ndefu?" binti mmoja akauliza.

"Sasa rafiki ni wa nini?" Ewald akacheka. "Unampa mwenzio kibati, anatundika viwili kwa mpigo. Hivi."

Mkono ukaenda wenyewe, kwa mazoea, ukashika 212, chake, na 213. Hapo ukaganda. Namba 213 ilikuwa ya Alfons.

Kahawa ilimwagikia Irmgard vidole asiisikie moto wake.

"Ewald. Na siku ile?"

Mzee aliviachia vile vibati. "Alisema anamalizia kufunga bomba, dakika tano tu, akanipa kibati chake. Mimi nilikuwa nawahi mpira, shemeji."

"Na bawabu aliponiambia ametoka?"

"Sikuwepo. Nilipata habari asubuhi. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza. Na keki zangu ukala."

Hakulia. Kilichomtisha ni kwamba amemgombeza mtu asiye na kosa zaidi ya nusu ya umri wake, na marehemu hawezi tena kumsamehe. Akanyoosha mkono, akakitoa kibati 213 ubaoni, akakifumbata kiganjani. Watoto walimtazama mwalimu wao.

"Msumari mtupu huo," Irmgard akasema. "Haya, Ewald. Nenda kamtafute."