Kisanduku Nilichokiacha Nyumbani

Amplifaya ya zamani ikiwashwa hutoa harufu kabla ya kutoa sauti. Ni harufu ya vumbi linaloungua polepole, ikichanganyika na ile ya mbao iliyolala kwenye unyevu masika nzima. Wiki iliyopita nilipita nyuma ya ukumbi mmoja hapa Chake Chake, kuna mtu alikuwa anajaribu vyombo kwa ajili ya shughuli, na harufu hiyo ikanifika kabla sijaona chochote. Nilisimama. Nilikuwa nimechoka tangu asubuhi, kama ninavyochoka siku nyingi, lakini si uchovu ulionisimamisha. Ghafla nilikuwa na miaka kumi na moja, nimekaa juu ya mkeka katika chumba cha Ami Hija, nasubiri taa ndogo nyekundu iwake.

Ami Hija ni mdogo wake baba. Wakati ule alikuwa anakaa nasi Tibirinzi, chumba cha uani, na alikuwa na kazi mbili. Mchana alikuwa fundi cherehani, kwenye baraza ya duka moja karibu na soko. Kazi ya pili, ambayo mwenyewe aliihesabu kuwa ya kwanza, ilikuwa kupiga gita la besi katika kikundi cha taarab cha mtaani kwetu. Amplifaya ya besi ya kikundi ilikuwa imekufa siku nyingi, ikabaki moja tu, ndogo, iliyotengenezwa kwa ajili ya gita la solo. Ami alikuwa akiipitisha besi humo humo. Kila mtu anayejua vyombo alimwambia ataipasua spika, naye akawa anajibu kwamba bado haijapasuka. Sharti lake lilikuwa moja: kitufe cha sauti kisipite namba nne.

Kati ya gita na amplifaya kulikuwa na visanduku vitatu vya chuma vya kukanyaga kwa mguu, pedali, amevipanga juu ya kipande cha ubao na kuvifunga kwa mipira ya baiskeli. Cheusi kiliipa sauti mwangwi. Chekundu kiliifanya ikwaruze, na Ami alikigusa mara chache sana, kwa sababu siku ya kwanza alipokigusa Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

“Hija, hicho kitu chako kinanguruma kama ng'ombe kala kanga.”

“Shemeji, hayo ndiyo mambo ya kisasa.”

“Ya kisasa yapeleke uwanjani. Hapa kuna watu vichwa vinawauma.”

Kisanduku cha tatu kilikuwa cha buluu, maandishi yake yamefutika kwa kukanyagwa. Hicho ndicho kilichonifanya niwaandikie haya.

Lakini kwanza niwaambie nilikuwa mtoto wa namna gani, msije mkanihurumia kabla ya wakati. Nilikuwa mtoto wa kuchana kurasa. Nikiandika insha na herufi moja ikapinda, nilichana ukurasa wote na kuanza upya, hata ikafika katikati ya muhula daftari langu lina kurasa kumi na mbili na mwalimu akaniuliza kama nyumbani tunawashia moto kwa madaftari. Chuoni, kwenye masomo ya Kurani, nilirudia aya ambayo nimeshaisoma sawa, kwa hofu kwamba sikuisoma sawa vya kutosha. Hakuna aliyenipiga wala kunikaripia. Nilijikaripia mwenyewe, na nilikuwa mkali kuliko mtu yeyote wa mtaa ule.

Mtoto wa namna hiyo, ukimpa gita la besi, umemuua. Nilikuwa nikilipiga baada ya Alasiri, nikitoka chuo, wakati Ami yuko barazani kwake. Alijua, na hakukataa. Nilipomwomba anifundishe alicheka kidogo tu.

“Mie sijui kufundisha, mwanangu. Mie nsikilize tu.”

Basi nikamsikiliza. Nilikuwa na rikodi za mazoezi ya kikundi kwenye simu ya Mama, nikazirudia mpaka Mama akawa anaimba yale makosa ya mwimbaji pamoja na nyimbo. Nyuzi za besi ni nene, zilinitoa malengelenge, kisha sugu. Sikutaka kupiga haraka wala kupamba. Nilitaka kitu kimoja: kila noti iwe na uzito sawa na mwenzake, kama punje za tasbihi. Nilikipata baada ya miezi minane. Sijawahi tena kufurahi hivyo.

Siku hizo niligundua pia kwamba Ami anazidi kupiga vibaya. Nasema niligundua kwa majivuno. Nikikaa karibu naye, kabla sauti haijapita kwenye waya, nilisikia kwa masikio yangu vidole vyake vikigusa uzi: mmoja unadonoa kwa nguvu, wa pili hauufikii vizuri. Lakini kwenye spika yote yalitoka sawa, na kwa akili yangu ya kitoto nikaamini kwamba ndivyo wakubwa wanavyopiga. Niliona pia mambo mengine nisiyoyaunganisha. Mara mbili alirudi kutoka kazini na tone la damu kwenye nguo ya mteja, sindano imemchoma kidoleni na yeye hajui. Nilimwona shujaa. Niliwahadithia wenzangu shuleni kwamba ami yangu hasikii maumivu.

Ilipofika mwisho wa Ramadhani, kikundi kilipangwa kupiga siku ya pili ya Idi, mchana, kwenye uwanja wa sikukuu hapo hapo Tibirinzi. Mafundi cherehani hawalali siku zile. Ami alikuwa anarudi akiwa na macho mekundu, anafuturu huku anasinzia. Asubuhi ya siku ya kupiga, bado kulikuwa na mtu anayedai kanzu yake, akatoka mbio na kuniachia kazi.

“Raya, nipangie vyombo kama vilivyo. Akija mwenye gari wapakie. Mie ntawakuta huko huko.”

Kama vilivyo. Alisema hivyo, nimeshajiuliza mara nyingi kama sikusikia, na jawabu ni kwamba nilisikia.

Nilivijaribu vyombo kimoja kimoja. Nilipokanyaga kile cha buluu, spika ilianza kutoa mchakacho mwembamba, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Nikakizima, mchakacho ukaondoka. Nikapiga noti kikiwa kimewashwa, nikapiga kikiwa kimezimwa, nikarudia labda mara ishirini. Noti zilikuwa zile zile. Hakikuongeza kitu, hakikupunguza kitu, kilileta uchafu tu. Nami uchafu siuwezi. Nikakifungua kwenye ubao, nikaunganisha waya moja kwa moja, nikakiweka ndani ya kabati la Ami chini ya vitambaa. Nilipanga nimwambie baadaye, akishaisikia sauti ilivyo safi, anisifu.

Uwanjani kulikuwa na watoto wengi wenye nguo mpya, pembea zinalia, moshi wa mishikaki. Kikundi kilikuwa juu ya jukwaa dogo, chini ya turubali. Mzee Faki, kiongozi, alipiga fidla. Bi Mize aliimba, mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba na maneno makali. Ami alifika dakika za mwisho, jasho linamtoka, akalichukua gita bila kutazama chini.

Wimbo wa kwanza ulianza na nikajua mara moja kwamba kuna jambo. Noti moja ilitoka, ya pili haikutoka, ya tatu ikabweka hata spika ikakohoa. Ilikuwa kama mtu anayeshuka ngazi zenye vidato vilivyokatika. Mpiga ngoma akageuka. Ami akakaza mkono, na alipokaza, noti kali zikawa kali zaidi na zile dhaifu zikabaki pale pale. Ndipo alipotazama chini kwenye ubao. Alitazama kwa muda, kisha akanitafuta kwa macho pembeni nilikokaa, na akaendelea kupiga.

Wimbo ulipokwisha Bi Mize hakungoja.

“Hija, leo Idi pili. Vidole vyako havina habari? Bado vimefunga?”

Watu wa mbele walicheka. Ami naye alicheka, kwa adabu.

“Yakhe Hija, kulikoni?” Mzee Faki aliuliza.

“Amplifaya hii, mzee. Imeharibika. Haishiki.”

“Imeharibika, au nkono?”

“Amplifaya.”

Mzee Faki alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki hupenda kupima. Alijua kwamba nacheza cheza na besi, Ami mwenyewe alishajisifu kwa hilo mazoezini. Akaniita.

“Njoo weye, bibi mdogo. Piga kidogo tuisikie. Ikiwa ni amplifaya, hata kwako itakataa.”

Nikapanda. Ami alinivisha mkanda begani, akaufupisha. Nakumbuka vidole vyake kwenye shingo yangu juu ya ushungi, vya baridi, vikihangaika na kile kifungo muda mrefu kuliko ilivyostahili. Alipomaliza aliniangalia. Nilikuwa nimeshajua wakati huo kwamba nimefanya kosa, kwamba kisanduku kina uhusiano na haya, japo sikujua ni upi. Nilijua pia kwamba Ami amesema amplifaya imeharibika na kwamba kila mtu anasubiri kuona kama ni kweli. Haya yote nilikuwa nayo kichwani, nisiwadanganye.

Nikapiga. Nilipiga mwanzo wa wimbo ule ule, noti kumi na sita, kila moja na uzito wa mwenzake.

Amplifaya ilikuwa nzima. Haikukohoa, haikubweka. Mpiga ngoma akaingia bila kuambiwa, akatabasamu, na watu wakapiga makofi kwa sababu ni msichana mdogo na gita linampita kimo. Bi Mize akapiga kigelegele cha nusu utani. Mzee Faki hakupiga makofi. Alimtazama Ami, na Ami akatazama zilipo pembea.

“Mwache amalizie huu,” Ami alisema. “Mie nikapate maji.”

Hakurudi. Nilipiga nyimbo tatu. Nilifika nyumbani nimelowa jasho na nikamsimulia Mama kila kitu, nani alisema nini, nani alipiga makofi, na Ami alikuwa amekaa uani anasikiliza.

Baada ya sikukuu Mzee Faki alikuja, wakakaa barazani, wakaongea kwa sauti ya chini na ya heshima. Nafasi ya besi ikachukuliwa na mpiga kinanda, kwa mkono wake wa kushoto. Mimi hawakunichukua, na Mama asingekubali. Haikufika mwaka Ami akaacha na cherehani pia, akahamia Vitongoji kwenye shamba la mke aliyemwoa mwaka ule. Hospitali walishamwambia kwamba ana sukari, na kwamba ndiyo iliyoua hisia za vidole. Watu wazima wa nyumbani walijua. Mimi niliambiwa Ami amechoka na mjini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipokutana na kisanduku kama kile cha buluu, kwenye video ya simu. Mtu mmoja alikuwa anaeleza kazi yake: kinazibana noti kali na kuziinua noti dhaifu, zote zitoke sawa. Kwa mpigaji ambaye mkono wake uko sawa, alisema, ukikitumia kwa kiasi huenda usisikie tofauti yoyote. Niliitazama mara nne. Siku iliyofuata nilikwenda Vitongoji.

Ami alikuwa anamenya muhogo, polepole, kisu amekifunga kitambaa kwenye mpini ili kisimteleze. Nilimwambia yote mpaka kabati na vitambaa.

“Nlikiona,” alisema. “Nliporudi nyumbani na yale maji yangu. Nliingia chumbani kutafuta shuka, nkakiona.”

“Mbona hukunambia, Ami?”

“Nkwambie nini? Kwamba yule aliyekuwa akipiga miaka miwili ile ni kisanduku?” Akatupa ganda. “Na weye ulikuwa unamhadithia mamako, una furaha hiyo. Ningekuja vipi katikati?”

“Nisamehe.”

“Ulipiga vizuri,” alisema, akaendelea na muhogo wake.

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu nina miaka kumi na moja. Nilirudi nayo mjini na sikujua niyaweke wapi.

Kosa la kisanduku nimejisamehe, kwa kiasi fulani. Lilikuwa la kutokujua. Lisiloniacha ni lile la baadaye, juu ya jukwaa, ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima na mimi mwenyewe nikaanza kuwa na vitu vya kuficha. Ami aliponiangalia pale, baada ya kuufupisha mkanda, alikuwa ananiomba. Ilitosha nikose noti moja. Ningeiacha moja tu ife, Mzee Faki angesema basi, kweli ni amplifaya, na Ami angerudi nyumbani na nafasi yake, hata kama ni kwa miezi michache zaidi. Mtoto mwingine yeyote wa mtaa ule angekosa bila hata kukusudia. Niliombwa mimi, na mimi nikashindwa kukosa.

Bado ninapiga, peke yangu, chumbani. Siku nyingine nikichoka sana huuanza wimbo ule na kujiambia kwamba safari hii noti ya tano nitaiharibu, makusudi, nisikie inakuwaje. Naifikia ya nne, naiona ya tano inakuja, na vidole vinaipiga sawasawa.