Okidi ya Mama Pasi

Mtaani wanamwita Mama Pasi, kwa sababu amepiga pasi nguo za watu miaka thelathini na moja kwenye chumba kile kile. Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, na mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo nitasema yote, hata ya kuniaibisha.

Dirishani kwake, karibu na meza ya pasi, kinaning'inia kipande cha gogo chenye gome gumu. Hapo imeng'ang'ania okidi, mmea usiojaza hata kiganja. Marehemu shemeji, aliyekuwa mpasua mbao, aliikuta msituni kwenye tawi lililoanguka, akamletea mkewe ndani ya kofia. "Kaa nayo," akamwambia. "Ua lake dogo kama ukucha, lakini utalipenda." Ilikaa miaka minane bila kuchanua, shemeji akatangulia. Ilipochanua, macho ya dada yalikuwa yameshaingia ukungu, mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Kila mwaka akawa anayapapasa maua kwa ncha ya kidole na kuyanusa. Hakuwa ameliona hata moja, jamani.

Mwaka huu akapata nafasi ya upasuaji, hospitali ya mbali, wiki tatu. Siku ya kuondoka, okidi ilikuwa na vitumba vinne.

"Mdogo wangu," akaniambia, "kila asubuhi inyunyizie maji kidogo, basi. Usiifanyie kingine." Akafika mlangoni, akarudi kuniambia tena.

"Dada, nimelea watoto watano, nitashindwa na jani?"

Nikashindwa na jani.

Ile mizizi iliyoning'inia hewani ilinitia huruma. Nikasema maskini, kiumbe wa watu anakufa njaa! Nikaibandua, nikaipanda kwenye kopo, udongo mweusi, samadi tele, maji asubuhi na jioni. Siku ya sita majani yakawa ya njano. Kitumba kimoja chini. Cha pili chini. Nikabeba kopo mbio mpaka kwa muuza miche wa sokoni, mtu mwenye ulimi mkali kuliko wangu.

"Mama, umeizika ikiwa hai," akasema akilipindua kopo. Mizizi ilikuwa imelegea kama tambi zilizolala. "Hii haitaki udongo. Huko kwao inakaa juu ya mti, inakunywa unyevu wa hewani. Ilikuwa inastawi wapi?"

"Chumba cha pasi."

Akacheka. "Basi ule mvuke wa pasi ndio msitu wake!"

Akanifundisha, nami kwa mara ya kwanza maishani nikanyamaza. Mizizi laini yote tukaikata kwa wembe safi, migumu tukaiacha. Siku nzima bila maji, vidonda vikauke. Kisha nikaifunga kwenye gogo kwa kitambaa laini, na nyuzi chache za makumbi ya nazi chini yake. Jua la asubuhi sawa, la mchana hapana. Mzizi ukiwa mweupe una kiu. Ukigeuka kijani umeshiba, uache.

Kukabaki mvuke. Mimi na pasi ni paka na panya, lakini wiki mbili nilipiga pasi mashuka, mapazia, hata matambara ya kupigia deki. Kitumba cha tatu kikaanguka hivyo hivyo. Nikawa nakibembeleza kilichobaki: "Wewe, tafadhali, nisubirie dada yangu." Kikafunguka siku tatu kabla hajarudi, na siku zote hizo sikuthubutu hata kufungua dirisha kwa nguvu.

Dada akaja na miwani myeusi, akapitiliza moja kwa moja hadi chumba cha pasi. Kwa mazoea, mkono ukatangulia.

"Fundo hili si langu," akasema.

Nikatapika yote: kopo, samadi, vitumba vitatu. Akavua miwani, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa ua.

"Kumbe ni jeupe," akasema taratibu. "Mwanamume yule hakuniambia rangi."

Akalitazama kwa muda mrefu, mpaka mimi nikaanza kulia kwa sauti. Ndipo akanigeukia. Akanitazama vile vile, karibu, bila haraka, akanishika shavu.

"Na wewe," akasema, "mvi zote hizi zimekuota lini?"