Wimbo wa Mwisho, Upande wa Pili

Mzee niliyemtunza Cedar Hill, Texas, alikuwa Mwingereza, mjane, na mbishi kama mimi. Kazi ya mafuta ilimleta Houston na mkewe wangali vijana. Uzee ukamleta huku, karibu na mwanawe ambaye hakuja kumwona. Alithamini santuri moja tu: ya kwanza ya bendi ya vijana wa kwao, waliochukua nyimbo za zamani za vijijini wakazitia gitaa za umeme. Kwenye jalada wamesimama, nywele machoni, hakuna anayejua hata aweke wapi mikono.

"Hawakujua lolote," aliniambia. Mpiga gitaa wao baadaye akawa mtu mkubwa. Msichana aliyeimba wimbo wa mwisho aliondoka kabla ya santuri ya pili. Ndiye aliyekuja kuwa mke wa mzee.

Nikamwambia ukweli: gitaa sawa, lakini mpiga ngoma ni kama anahamisha masufuria. Alicheka hadi akakohoa.

Alipoanza kukataa maji, aliniomba jambo moja: akiwa anakata roho, santuri ipigwe mpaka mkewe aimbe. Nikaahidi. Nikamweleza na mama Mkongo tuliyepokezana zamu, akaitikia, ndiyo, ndiyo.

Asubuhi moja niliingia nikakuta nyumba kimya. Mama yuko magotini na rozari yake, santuri imesimama.

"Nilizima, dada," akasema. "Mutu anakufa na gitaa inalia? Kwetu haiko vile."

Hata kwetu siyo hivyo. Penye msiba redio huzimwa, najua. Lakini nilichemka. "Ala! Kwenu ndiyo hapa? Mzee aliomba nini, we mama?" Akaanza kulia. Sikuwa na huruma naye hata kidogo.

Nilishika mkono wa mzee, bado una joto. Anavuta pumzi, ananyamaza, anavuta nyingine. Nikakimbilia mashine ya santuri. Nikaishusha sindano kwa pupa, ikakwaruza, ikaangukia wimbo wa kabla ya ule wa mwisho, usio na maneno, gitaa tupu. Sikuthubutu kuigusa tena, nisije nikaharibu kila kitu.

Kijana yule fundi wa gitaa akapiga, akapiga, hana haraka. Watu wamemsifu maisha yake yote kwa vidole vile. Jamani, nilimchukia! Nilisema kwa sauti, "Maliza basi, maliza!"

Msichana alipoanza kuimba, mama alikuwa ameshamfumba mzee macho.